Mfuate Ndege Huyu

Kila aliyemkuta Asteria amelala kifudifudi kwenye nyasi, simu mkononi, akimvizia kwale atoke na vifaranga wake, alimuuliza swali lile lile: hivyo vitu vinalipa? Shangazi zake walimuuliza, wachunga ng'ombe walimuuliza, na padri naye alimuuliza siku moja baada ya misa, kwa upole uliomuuma kuliko kejeli. Jibu lake lilikuwa "bado". Alikuwa amelitoa miaka miwili mfululizo, mpaka neno lenyewe likaanza kumkereketa kooni.

Tusimwonee. Kazi aliwahi kuwa nayo. Alifundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi, akilipwa kwa michango ya wazazi, mara fedha kidogo, mara debe la mahindi, hadi walipoletwa walimu wa ajira naye akashukuriwa kwa soda na kupigiwa makofi. Akarudi kwa baba yake, kijijini kati ya Kahama na Bulyanhulu, akiwa na begi moja na simu yenye kamera nzuri aliyoinunua kwa kujinyima. Tangu utotoni alipenda ndege. Aliwajua kwa sauti, kwa viota, kwa namna kila mmoja anavyokunywa maji. Akaanza kuwapiga picha za video na kuzipandisha mtandaoni, akieleza kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Ndege wote hao aliwapata mahali pamoja, kwenye ngitili ya baba yake. Asiye wa huku aelewe tu kwamba ngitili ni kipande cha pori ambacho Wasukuma hukifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, shoka haliingii, nyasi zinaachwa zikue zisubiri kiangazi. Majirani wengi walikwishazigeuza zao kuwa mashamba ya pamba na mpunga. Mzee Mayala, baba yake Asteria, hakutaka hata kulisikia wazo hilo. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na ngitili ile aliyoachiwa na baba yake aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Kiangazi wenzake walipohangaika na mifugo hadi mikoa ya mbali, ng'ombe wake walishiba nyumbani.

Basi baba na binti waliwekeana ahadi. Shangazi Serafina, dada wa Mzee Mayala, alikuwa na kibanda cha chakula kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Bulyanhulu, na kila alipopiga simu aliomba apewe Asteria amsaidie kusonga ugali na kugombana na wadeni. Asteria alikuwa tayari kufanya lolote isipokuwa hilo. Mzee akamwambia kwamba atamvumilia mpaka siku ya kufungua ngitili. Kama mpaka siku hiyo ile simu haijamletea hata ya kununua chumvi, atafunga begi aende kwa shangazi yake. Asteria alikubali, akainama kuficha uso.

Tatizo ni kwamba mtandao haumlipi kila anayejitokeza. Unataka kwanza wafuatiliaji wafike idadi yake, na saa ambazo watu wamekaa kutazama zifike idadi yake, ndipo ufungue mkono. Wafuatiliaji wa Asteria walikuwa wachache, na nusu yao ni ndugu waliobonyeza kwa kumwonea haya kisha wasirudi tena. Aliuza mayai ya kuku wake kununua bando. Video ya hondohondo, aliyoishughulikia siku nyingi mpaka akaugua mafua, ilitazamwa na watu ambao wangeenea kwenye benchi mbili za kanisani.

Aliyempa moyo ni Adam, kijana aliyesoma naye, mwenye kibanda cha kutengeneza simu Nyahanga, mjini Kahama. Adam ndiye aliyemkatia na kumuungia video zake bila malipo, na ndiye aliyemwambia ukweli: kazi ni nzuri lakini majina yamepooza. Mtu hawezi kubonyeza kitu kinachoitwa "Maisha ya mnana". Jina lazima livute.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika, mlembe akaja. Huyu ni yule ndege mdogo wa kahawia anayejua nyuki walipo, lakini hana uwezo wa kuvunja mzinga, kwa hiyo humtafuta binadamu, humpigia kelele, huruka mti hadi mti akigeuka nyuma kuangalia kama anafuatwa. Mzee Mayala alimjibu kwa mluzi, akatangulia, Asteria nyuma na simu yake. Wakafika kwenye mninga mkubwa wenye uwazi shinani. Mzee akafukiza moshi, akaingiza mkono, akatoa sega la asali iliyong'aa juani hadi kamera ikashindwa kidogo. Kisha akakata kipande, akakiweka juu ya jiwe kwa ajili ya ndege, maana ndivyo alivyofundishwa, kwamba aliyekuonyesha humwachii mikono mitupu. Mlembe akashuka, akala, wao wakiwa pale pale. Ilikuwa video bora kuliko zote alizowahi kupiga, na Asteria alilijua hilo kabla hata hajaizima kamera.

Akaketi kuitafutia jina linalovuta. Akaikumbuka ile asali juani, akaandika: "Dhahabu ya ngitili yetu: mfuate ndege huyu."

Kwingine hayo yangekuwa mapambo ya maneno tu. Kahama neno dhahabu halijawahi kuwa pambo. Huku neno hilo limeua watu, limejenga maghorofa, limewaachisha wanaume wake zao. Mtu mzima haliandiki hadharani kisha akategemea wenzake wafikirie asali. Asteria alizaliwa na kukulia hapa hapa, lakini siku ile kichwa chake chote kilikuwa kwenye ndege.

Watazamaji wakaanza kupanda. Kwanza aliona kama simu imeharibika. Watu walitazama, wakarudia, wakatumiana, na wakaandika maswali ambayo hakuwahi kuulizwa maishani mwake. Ni upande gani kutoka Bulyanhulu? Huyo ndege hutua wapi asubuhi? Akitua anakaa sana au anaondoka mara moja? Chini ya ule mti udongo ni mwekundu au mweusi? Asteria aliona machozi yakimlenga. Hatimaye amewapata watu makini, watu wa kuuliza hadi rangi ya udongo. Akawajibu wote, mmoja mmoja. Akataja kijiji, akataja njia ya kuingilia, akaeleza kwamba wakifika waulize ngitili ya Mzee Mayala, kila mtu anaijua.

Alhamisi Adam akampigia simu, akamwomba afike Nyahanga. Alimkuta ameweka kazi pembeni, jambo ambalo si kawaida yake.

"Asteria, hawa si watu wa ndege."

"Mbona wanauliza ndege?"

"Wanauliza mali." Wachimbaji hawasemi dhahabu, wanasema mali. "Soma vizuri. Huyu anasema ndugu yake aliota ndege wa namna hiyo, kesho yake akagonga mwamba wenye mali. Huyu anasema asali ni kificho tu, umeogopa kuonyesha yenyewe. Hawa wawili wanapanga usafiri."

Asteria alisoma. Adam akamshauri abadilishe jina sasa hivi, aandike asali, neno dhahabu litoke kabisa, na maelezo ya njia ayafute. Asteria akamuuliza akifanya hivyo watazamaji watabaki? Adam hakumficha. Wataondoka kama walivyokuja. Basi akauliza zimebaki saa ngapi za kutazamwa ili mtandao uanze kumlipa. Adam akapiga hesabu, akasema kwa mwendo huu ni siku chache tu.

"Nitabadilisha Jumatatu," akasema Asteria.

Hapo ndipo pa kumlaumu, na yeye mwenyewe hajawahi kukataa lawama hiyo. Alijiambia nani atafunga safari kwa ajili ya ndege? Lakini alijua. Aliwajua watu waliochimba mahali kuku alipoparua na kuangusha kijiwe kinachong'aa. Alimjua mzee mmoja aliyebomoa jiko la mke wake kwa sababu ya ndoto. Alijua yote hayo, akayaweka kando, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliona kwamba huenda asiende kusonga ugali kwa shangazi Serafina. Alitaka tu zile siku chache.

Jumamosi wakaja wa kwanza, wanaume watatu kwenye bodaboda mbili, na mizigo imefungwa kwenye magunia. Wakamwamkia Mzee Mayala kwa heshima zote. Walipomuuliza habari za mlembe, mzee alifurahi. Alidhani ni warina asali. Akawapa maji ya kunywa, akawapeleka mwenyewe hadi ukingoni mwa ngitili, akawapigia mluzi, na ndege, kwa uaminifu wake, akaja.

Walimfuata kutwa nzima. Kila alipotua pana nyuki, na kila walipokaribia waliumwa, nao wakaona hiyo ndiyo dalili yenyewe, kwamba mali inalindwa. Wakachoma matairi kuwafukuza nyuki. Wakaukata ule mninga, wakaanza kuchimba shinani. Mzee alisikia shoka akiwa zizini. Alikwenda mbio, akarudi polepole, akaketi kwenye kigoda chake.

"Mayu," alimwita binti yake hivyo, kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwita mama, "wale watu wanasema wewe ndiye uliyewaita."

Asteria aliitoa simu pale pale mbele yake, akaifuta ile video, na saa zote za watazamaji zikafutika nayo. Akamwonyesha baba yake pale palipokuwa na picha, sasa hapana kitu. Alidhani amelipa kosa lake, na amelilipa kwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Kumbe hapo ndipo alipouwasha moto. Wale waliokuwa na shaka, waliosema ni maneno ya mtandaoni tu, sasa shaka ikawatoka. Ameifuta. Aifute ya nini kama hakuna kitu? Nakala zilikwisha hifadhiwa kwenye simu za watu, zikarushwa kundi hadi kundi, tena sasa zikiwa na maandishi mekundu: video iliyofutwa, wenyewe hawataki uione.

Ikawa rashi. Hilo ni neno la machimboni: mali ikisemwa iko mahali, watu humiminika kabla ya yeyote kuthibitisha, maana anayesubiri uthibitisho hufika maduara yote, yale mashimo ya kuchimbia, yana wenyewe. Walitoka Geita, walitoka Bulyanhulu, walitoka kwenye machimbo ambayo hata majina hayajapata. Wakaingia na maturubai, na sepetu, na redio, na wanawake wa kuwapikia. Kati ya wanawake hao alikuwamo shangazi Serafina, ameleta masufuria yake yote kwa pikipiki ya mizigo, akambusu mpwa wake, akamwambia kwa furaha kabisa kwamba sasa hana haja ya kusafiri.

Asteria akapiga video nyingine, amesimama mbele ya mninga ulioanguka, akasema kwa lugha nyepesi kwamba hakuna dhahabu, haijawahi kuwepo, alimaanisha asali. Aliomba radhi. Alilia humo ndani, wala hakukata pale alipolia. Ilitazamwa sana. Wengi waliandika kwamba anamlindia baba yake shamba. Mmoja aliandika kwamba wameshapata, sasa wanatufukuza kistaarabu, na huyo ndiye aliyeungwa mkono na watu wengi zaidi.

Viongozi wa kijiji walifika. Walishindwa kuwaondoa watu wengi kiasi kile, wakaamua heri utaratibu, wakagawa maduara kwa namba. Mzee Mayala akaambiwa asihofu, yeye kama mwenye eneo atapata fungu lake katika kila mfuko wa mawe yenye mali. Mzee akasema hataki fungu, anataka nyasi. Walicheka kidogo, si kwa ubaya, wakaendelea kuandika namba.

Miti ikakatwa kuwa matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za maduara zisibomoke. Nyasi zikakanyagwa zikawa vumbi. Kwale waliondoka wa kwanza, kisha hondohondo, kisha wale wadogo wote ambao Asteria alijua hata viota vyao. Mlembe peke yake alibaki, akiendelea kuwaita watu kwenye mizinga iliyokwisha chomwa, na watu wakagombana hadi kushikana mashati juu ya alipotua. Mwishowe mmoja akaona njia ya kumaliza ugomvi. Akamnasa kwa ulimbo, akamfungia kwenye tenga ili amwonyeshe yeye peke yake. Ndege akafa siku hiyo hiyo. Asteria aliletewa habari na shangazi yake, ambaye alimweleza huku akikoroga uji, kama anaeleza habari za mtu wa kijiji cha mbali.

Na dhahabu? Hawakupata hata chenga. Lakini mchimbaji hasemi hakuna, husema iko chini zaidi.

Siku ya kufungua ngitili ikafika, na hapakuwa na cha kufungua. Mzee Mayala aliwatoa ng'ombe zizini kwa mazoea, wakafika ukingoni, wakasimama. Yeye naye akasimama. Kulisha mashudu kundi zima ni kazi ya matajiri, na wenye ngitili waliobaki walitaka bei ambayo ingemla yeye na ng'ombe wake. Baada ya muda ndama wakaanza kulala na kushindwa kuinuka. Mzee aliwainua mmoja mmoja kwa mikono yake, asubuhi na jioni, bila kulalamika na bila kumlaumu mtu. Asteria alitamani baba yake amtukane. Angemtukana angepata pa kushika.

Akaenda Kahama kuuza simu. Adam, badala ya kuinunua, akamwambia Hozefa amekuwa akimuulizia. Hozefa alikuwa na duka la vifaa karibu na soko, duka la tangu enzi za babu yake: kamba, sepetu, pampu za kutoa maji mashimoni, buti, taa za kichwani. Alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Pembeni, chini ya feni, aliketi mama yake mzee, Dolatkhanu, ambaye miguu ilikwisha kumwishia.

Hozefa hakuzungukazunguka. Watu wanamtazama Asteria. Asimame pale ngitilini, ashike bidhaa za duka, azielezee kwa ile sauti yake. Kila video atailipia. Kama anataka, malipo ya kwanza ampelekee baba yake mashudu, lori zima, kesho.

"Unajua pale hakuna dhahabu," akasema Asteria.

"Mimi siuzi dhahabu, dada. Nauza sepetu na pampu." Alilisema bila kejeli, hata kwa aibu kidogo. Kisha akaongeza kwamba mama yake ndiye aliyemfahamisha video zake, zamani, kabla ya mambo haya. Alikuwa akizitazama kila siku.

Yule bibi aliposikia anatajwa akainua kichwa. Akauliza mbona siku hizi ndege hawaonekani. Asteria akamwambia shikamoo, kisha akamwambia kwamba ndege wamehama kwa sababu ya kiangazi, watarudi mvua zikinyesha. Bibi akaridhika. Asteria akaimaliza chai yake, akakubali.

Lori la mashudu likafika. Ng'ombe wakala. Na ukweli usemwe, kazi ile aliiweza. Adam ndiye aliyeshika kamera. Asteria alisimama katikati ya maduara, amevaa buti mpya na fulana yenye jina la duka, akaeleza ubora wa pampu kwa sauti ile ile ya chini na ya taratibu aliyokuwa akiitumia kwa ndege, na watu wakamsikiliza. Waliongezeka kila wiki. Wengine walikuja kuchimba kwa sababu yake, wakanunua pampu kwa sababu yake. Mtandao nao ukaanza kumlipa. Padri alimkuta barabarani, akamwona na buti zile, safari hii hakumuuliza kitu.

Asubuhi moja walikuwa wanapiga video ya sepetu. Mwanga ulikuwa mzuri, naye Asteria alikwisha kosea mara kadhaa na kuanza upya, jasho linamtoka. Ndipo Mzee Mayala akatokea na ng'ombe, akiwapitisha katikati ya vifusi kuwapeleka kwenye maji, njia yake ya siku zote. Adam akaishusha kamera, akatazama chini.

Asteria hakuishusha sepetu. Alikuwa ameyakariri maneno, aliogopa yasimpotee.

"Baba, samahani, pisha kidogo. Unaingia kwenye picha."

Mzee akasimama. Akatazama kushoto, kuna duara. Akatazama kulia, kuna kifusi na turubai la watu.

"Nipishie wapi, mayu?"

Asteria akamwonyesha kwa mkono, kule nje, ng'ambo ya uzio wa miiba ambao mzee aliusuka mwenyewe kuzuia mifugo ya watu.

"Ee, sawa," akasema Mzee Mayala. "Nisamehe. Sikuona kama mko kazini."

Akawageuza ng'ombe, mmoja mmoja, akawatoa nje ya ngitili. Asteria akangoja vumbi litulie, akajifuta uso, akaanza tena tangu mwanzo.